Samaki wa friza: maswali tunayoulizwa kila siku dukani, Moshi

Tunauza samaki Moshi, hatua chache kutoka soko la Mbuyuni. Mlango ukifunguliwa tu, swali la kwanza ni lile lile: "Mama, huyu ni wa leo?" Nikijibu kwamba ni wa friza, kuna wanaokunja pua na kuondoka, na kuna wanaobaki na maswali kumi. Hapa nimewaandikia hao waliobaki, ili ukija tuzungumze bei tu.

Samaki wa friza si ndio wale waliokosa mnunuzi?

Wapo, sitakuficha. Samaki anashinda kutwa juu ya meza, inzi wanamla kabla ya mteja, jioni anatupiwa kwenye friza, na keshokutwa anauzwa kwa jina zuri la "aliyegandishwa". Huyo alikuwa ameshaanza kuoza, akasimamishwa njiani. Friza haimrudishi samaki nyuma hata saa moja. Inamshika pale ilipomkuta.

Lakini fikiria tulipo. Kutoka Tanga hadi hapa ni kilomita 350 hivi, Dar es Salaam ni zaidi ya 500, na gari la Mwanza linatembea usiku kucha na bado jua linachomoza likiwa njiani. Maji yetu ya karibu ni bwawa la Nyumba ya Mungu, na perege wake hawatoshi mji mzima. Kwa hiyo yule "mbichi" unayemsifu sokoni naye ana safari yake. Kama tangu alipotoka majini alifukiwa kwenye barafu iliyopondwa, sato anaweza kukaa wiki mbili na bado akawa kitoweo kizuri. Kama alirundikwa kwenye tenga na kufunikwa gunia la maji, siku ile ile ameshaharibika, hata ukimwita mbichi.

Mimi nikienda kununua huwa nauliza hivi: alikaa saa ngapi nje ya maji kabla ya kuganda, na saa hizo alikuwa kwenye nini? Muuzaji akianza kucheka badala ya kujibu, naaga.

Kwani samaki akiganda anabadilika nini?

Chukua nyanya nzima, iweke friza usiku, asubuhi iache iyeyuke. Itakuwa mfuko wa maji. Hujaongeza kitu wala kupunguza, ila ile nyanya ngumu haipo tena. Mwilini mwa samaki hutokea jambo la namna hiyo, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

Maji ni kama asilimia 70 hadi 80 ya samaki. Kwa kuwa yamechanganyika na chumvi na vitu vingine, hayagandi kwenye sifuri. Yanaanza nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri, na mnofu ukifika nyuzi 5 chini ya sifuri, karibu robo tatu ya maji yote yameshakuwa barafu. Kipande hicho kifupi cha safari, kutoka sifuri hadi nyuzi 5 chini yake, ndicho kinachoamua utakula nini baadaye. Samaki akikipita haraka, barafu inajitengeneza kwa chembe ndogo ndogo zisizoumiza mnofu. Akikipita kwa kusuasua, chembe zinakua kubwa na kuchana nyama, na yale maji machache yasiyoganda yanakolea chumvi mpaka yanaharibu protini. Ukija kumyeyusha, maji yanamwagika kwenye sinia na mnofu unabaki mkavu, mgumu, kama umechemshwa mara mbili.

Viwandani samaki hupulizwa hewa ya nyuzi 30 hadi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo anapita pale haraka. Friza ya nyumbani haikuundwa kwa kazi hiyo. Imeundwa kutunza kilichokwisha kuganda. Ukiijaza kilo kumi za samaki wenye joto kwa mkupuo mmoja, wa katikati ya rundo anaweza kufika kesho yake hajaganda, na wakati huo anawapasha joto wale wa zamani waliokuwemo.

Ukitaka kugandisha mwenyewe, paa samaki, toa matumbo na matamvua, osha, kausha maji, kisha funga vipande vichache kwenye mifuko iliyolala bapa, si mviringo kama mpira. Viweke vimetengana, vikigusa ukuta au kitako chenye baridi. Vikishakuwa jiwe ndipo uvipange vibanane. Na ugandishe kidogo kidogo, leo kilo mbili, kesho mbili.

Baridi hiyo yote si inaua vijidudu?

Haiui. Inavilaza. Chini ya nyuzi 10 za baridi chini ya sifuri bakteria haziongezeki, lakini nyingi ziko hai zinasubiri. Siku unapomyeyusha samaki, zinaendelea zilipoishia.

Minyoo ni habari nyingine: samaki akikaa siku saba kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, minyoo ya mnofuni hufa. Friza nyingi za nyumbani hazifiki huko na kubaki huko, kwa hiyo usitegemee hilo kama unapenda samaki asiyepikwa. Sisi wengi wetu tunapika, na kupika kunamaliza hilo: katikati ya mnofu pakifika nyuzi 63 inatosha. Mteja mmoja wa Arusha aliwahi kunibishia kwamba kule juu maji yanachemka upesi kwa hiyo chakula hakiivi. Ni kweli Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari na maji yake huchemka karibu nyuzi 95, lakini kutoka 63 hadi 95 bado kuna nafasi ya kutosha kabisa.

Mbona mtu anakula samaki aliyeiva vizuri na bado anavimba uso na kuwashwa?

Hili nalieleza kwa kirefu, maana lilinipata. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua jodari aliyegandishwa, mahali ambapo sitapataja. Alikuwa anapendeza, mwekundu mnofuni. Nikamkaanga mpaka akaiva sawasawa. Nilipomuonja ulimi ulisisimka kama nimegusa pilipili, nikadhani ni viungo. Nusu saa haikupita, uso umekuwa moto, kichwa kinagonga, shingo na kifua vimejaa madoa mekundu. Nikajua nina mzio wa samaki, na kwa muuza samaki hiyo ni habari ya msiba.

Haikuwa mzio. Jodari, nguru, vibua na dagaa wa baharini wana kitu kwenye mnofu wao ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini pale samaki anapokaa kwenye joto. Histamini ikishatengenezwa, moto hauiondoi, friza haiiondoi, limao wala siki haviiondoi. Na samaki anaweza asinuke kabisa. Yule wangu alipata joto kabla ya kuganda, au aliyeyuka njiani akagandishwa tena, na barafu ikaja kufunika siri yake.

Kwa samaki wa jamii hiyo sina huruma. Akifika hapa amelegea, harudi frizani wala hauzwi. Na wewe ukionja ukasikia ule mwasho wa pilipili ambayo hukuiweka, tema. Dalili nyingi huisha zenyewe ndani ya saa chache, lakini ukiona pumzi inabana au koo linavimba, nenda hospitali hapo hapo.

Akae friza muda gani?

Inategemea mafuta yake. Mafuta ya samaki hayagandi yakatulia kama maji, yanaendelea kushambuliwa na hewa hata kwenye baridi kali, na mwisho yanachacha: ile harufu ya mafuta ya taa au rangi ya ukutani unayoisikia ukifungua mfuko wa zamani. Vibua na jodari nawapa miezi miwili, mitatu ikizidi. Changu, sato na perege, ambao mafuta yao ni machache, wanafika miezi sita. Sangara mkubwa ana mafuta kuliko watu wanavyodhani, hasa nyama ya tumboni, kwa hiyo huyo mimi simpitishi miezi minne.

Hesabu hizo ni za friza inayoshikilia nyuzi 18 chini ya sifuri bila kuyumba. Friza ya nyumbani inayouza pia barafu za ubuyu kwa watoto wa mtaa mzima hufunguliwa mara arobaini kwa siku, na hiyo haishikilii kitu. Joto likipanda na kushuka, chembe ndogo za barafu zinayeyuka na kuungana na kubwa, kwa hiyo hata samaki aliyegandishwa vizuri kiwandani anaharibiwa polepole humo humo ndani. Kama ndiyo friza uliyo nayo, gawa miezi yangu kwa mbili.

Andika tarehe kwenye mfuko kwa kalamu isiyofutika. Kila mtu anadhani atakumbuka.

Haya mabaka meupe, mnofu mkavu kama pamba, ni ukungu?

Si ukungu. Samaki amekauka kwa baridi. Hewa ya friza ni kavu na inanyonya unyevu kutoka kwenye barafu iliyo juu ya mnofu bila hata kuiyeyusha. Huwezi kuumwa kwa sababu hiyo, ila pale pamekauka hapatapona, hata ukiloweka. Kata hicho kipande utupe, sehemu iliyobaki pika mchuzi.

Dawa yake ni kumnyima hewa. Ile mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na kwa samaki haikuwa na faida sana hata ilipokuwepo, nyepesi na inapitisha hewa. Tumia mifuko mizito ya kufungashia chakula, bana hewa yote itoke, funga. Njia ya zamani nayo inafanya kazi: samaki akishaganda mchovye kwenye maji ya baridi sana kisha mrudishe friza, atajivika koti la barafu. Rudia mara mbili. Koti hilo likipungua baada ya miezi, mchovye tena.

Kwa hiyo hiyo barafu mnaipima na kuniuzia?

Swali la haki. Koti jembamba linamlinda samaki. Koti nene kama sahani linamlinda muuzaji. Sisi tunapima samaki akiwa hana koti. Kwingine ukiwa na mashaka, omba kilo moja ipimwe, isuguliwe haraka chini ya bomba mpaka barafu ya juu itoke, ifutwe, ipimwe tena. Tofauti utakayoiona ni maji uliyonunua kwa bei ya samaki.

Nitamjuaje samaki mzuri akiwa jiwe? Hanuki, habonyezeki.

Jicho lisikudanganye, maana jicho la samaki wa friza hukauka na kuingia ndani hata kama alikuwa mzima kabisa. Angalia mfuko. Kukiwa na theluji nyingi ndani yake, ameyeyuka na kuganda tena, au amekaa sana. Kukiwa na barafu nyekundu iliyotuama upande mmoja, damu ilitiririka kabla ya kuganda mara ya pili. Samaki waliotakiwa kuwa mmoja mmoja wakiwa wameshikana kama tofali, jua walilegea wakalaliana. Samaki aliyejikunja kwa kufuata umbo la kikapu au kona ya boksi naye uliza habari zake.

Halafu angalia friza yenyewe. Ikiwa imejazwa mpaka samaki wa juu wametokeza nje ya mdomo wake, wale wa juu hawako kwenye baridi. Chagua wa chini.

Umeme ukikatika nifanye nini?

Usifungue. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu kila mtu ndani ya nyumba anataka kuchungulia. Friza iliyojaa, ikibaki imefungwa, inashikilia baridi kama saa 48. Ikiwa nusu, kama saa 24. Ndiyo maana friza yenye nafasi ijaze chupa za maji: zikiganda zinakuwa akiba ya baridi. Funika na blanketi, usizibe tu sehemu ya mashine ikirudi kuwaka.

Tatizo kubwa Moshi na Arusha ni Desemba. Watu wanapanda mlimani kula Krismasi, nyumba imefungwa, LUKU inaisha tarehe 23, jirani mwema ananunua yuniti tarehe 27. Unarudi mwaka mpya, friza inanguruma, samaki ni jiwe, kila kitu kinaonekana shwari. Kumbe umeme haukuwepo siku nne, wakayeyuka, wakanuka, wakaganda tena.

Kwa hiyo kabla ya kusafiri, gandisha kikombe cha maji, kikishakuwa barafu weka sarafu ya shilingi mia juu yake, kirudishe friza. Ukirudi ukaikuta sarafu iko juu, hapakutokea kitu. Ikiwa imezama katikati, paliyeyuka kwa muda. Ikiwa kitakoni, usionje, usimpe mbwa, tupa. Kwetu sarafu ilikuwa kitakoni mwaka mmoja, na mume wangu alisimama karibu na pipa la taka akibishana nami juu ya kilo sita za nguru. Nilishinda, ila tuliongea kidogo sana siku hiyo.

Ameyeyuka. Naweza kumgandisha tena?

Kama katikati bado kuna barafu, au ameyeyukia ndani ya friji na bado ni baridi kama maji ya friji, kwa usalama unaweza. Kwa utamu utapoteza, kwa sababu ile safari ya chembe za barafu anaipita mara ya pili. Kama alikaa nje zaidi ya saa mbili, au saa moja kwenye joto la Moshi la Februari, usimrudishe. Njia nzuri ni kumpika kwanza. Samaki wa kukaanga aliyepoa vizuri anagandishika bila shida.

Namna sahihi ya kumyeyusha ni ipi?

Mtoe friza jioni, mweke kwenye friji ndani ya bakuli, chini kabisa asidondoshee mboga maji. Kesho mchana yuko tayari. Ukiwa na haraka, mfuko wake ukiwa umefungwa vizuri, uzamishe kwenye maji ya baridi na ubadilishe maji kila nusu saa. Kipande cha nusu kilo kinachukua kama saa moja.

Maji ya moto hapana. Juani hapana. Juu ya meza nako hapana, hata Arusha mwezi wa saba. Najua Julai kule watu wanavaa makoti asubuhi, lakini jiko lako si friji. Ngozi ya samaki inayeyuka saa nyingi kabla ya katikati, na wakati katikati kungali jiwe, juu bakteria wameshaamka.

Jambo moja kuhusu pakiti zilizonyonywa hewa zote: kabla ya kumyeyusha ndani ya friji, ichane. Kuna bakteria wa sumu ya botulizimu wanaopenda mahali pasipo hewa, na baadhi yao wanakua hata kwenye baridi ya friji. Hewa ikiingia hawapati nafasi.

Vipande vyembamba vya mchuzi huna haja ya kuviyeyusha. Vitumbukize kwenye nazi inayochemka, viongezee dakika chache.

Wangu anaruka mafuta na kuvunjika kikaangoni.

Ana maji. Mkaushe kwa kitambaa safi ndani na nje, mpake chumvi, mwache dakika kumi na tano kwenye friji, futa tena. Mafuta yawe ya moto kabla hajaingia, na usimgeuze mpaka ajiachie mwenyewe. Kama alishavunjika-vunjika, alikuwa wa mchuzi tangu mwanzo.

Friza inaondoa dawa au sumu kwa samaki?

Hapana. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, na samaki wa viwandani kule walikuwa wamegandishwa au wamewekwa barafu kama kawaida. Kilichoingia mwilini mwa samaki kabla hajaganda kinabaki humo.

Virutubisho vinapotea?

Kidogo sana. Protini iko pale pale. Vitamini chache na madini hutoka na yale maji yanayomwagika wakati wa kuyeyusha.

Dagaa wakavu na perege wa kukaushwa kwa moshi, nao friza?

Dagaa waliokauka vizuri weka kwenye chombo kikavu, friza ya nini. Perege wa moshi akiwa bado laini mnofuni, huyo si mkavu, mweke friza. Akiwa mkavu wa kuvunjika, mtundike.

Mnafungua saa ngapi?

Gari la Mwanza linaingia Jumanne na Ijumaa. Saa moja asubuhi tuko wazi, mpaka saa kumi na mbili jioni. Ukitoka mbali, Rombo au Same, njoo na boksi na magazeti ya zamani ya kumfungia, barafu tutakupa. Jumapili hatufungui, friza nazo zipate siku moja bila mtu kuchungulia.